Mto wa madirisha ya kanisa kuu kwa mpangilio wa mkeka: kukata, kukunja na kushona

Mtindo huu wa viraka hujengwa kwa kukunja. Mraba wa kitambaa kisicho na maua hukunjwa kona zake nne hadi katikati, mara mbili. Miraba iliyokunjwa huungwa, kisha juu ya kila kiungo huwekwa kiraka cha rangi, na kingo za mikunjo hulazwa juu ya kiraka hicho kwa upinde na kushonwa. Kazi ikiisha jicho huona duara zilizoshikana, na ndani yake madirisha. Washonaji wa Marekani na Uingereza huuita dirisha la kanisa kuu. Hauna pamba ndani, hauhitaji bitana, na nyuma yake hubaki safi kwa sababu nyuzi zote za kukatika zimefungiwa ndani ya mikunjo.

Mpangilio tunaoueleza hapa unatumia viraka vya rangi mbili. Madirisha yaliyokaa kwenye viungo vya wima yana rangi moja, ya viungo vya mlalo rangi nyingine, na yakikaa pamoja yanapishana juu na chini kama ukindu wa mkeka. Kipimo ni cha foronya ya mto wa kochi, sentimita 50 kwa 50, yenye miraba 16.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: mto huu hufaulu au huharibika kabla rangi haijawekwa. Kiraka cha dirisha kilichokatwa vibaya kidogo kitafichwa na ukingo. Mraba wa msingi uliokosea milimita 3 hauna mahali pa kujificha, na kosa lake huhamia kwa majirani zake wote.

Vitambaa na vifaa

Kwa msingi, hakuna kinachoshinda marekani, ile pamba ya rangi ya krimu isiyopaushwa. Wengi huko Marekani wameushona mtindo huu kwa pamba ya aina hiyo hiyo, na ni jamii ya nguo ambayo merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiishusha Unguja katika karne ya 19. Inashika mkunjo wa pasi, na ukiivuta kwa mshazari inanyumbuka. Sifa hizo mbili ndizo zinazotakiwa. Poplini ya pamba tupu inafaa pia. Tetroni na vitambaa vyenye polista viache: mkunjo unafunguka wenyewe kabla hujafika cherehani, na ukingo unakataa kupinda.

Kitambaa chenye upana wa sentimita 150, nunua mita 1.6. Ukipata cha sentimita 90, nunua mita 2.5. Kiasi hicho kinatosha miraba 16, vipande viwili vya nyuma ya foronya, na kile kitakachoruka, yaani kufupika, wakati wa kufua.

Kwa madirisha, unahitaji viraka 20 vya kila rangi. Kipande cha sentimita 35 kwa 45 cha kila rangi kinatosha, hivyo masalio ya kitenge au kanga iliyopasuka sehemu moja yatafanya kazi. Chagua rangi zinazotofautiana kwa mwanga, moja nzito na moja nyepesi. Nyekundu na buluu zilizo nzito sawasawa huonekana nzuri mkononi, lakini ukisimama hatua tatu mbali mkeka unapotea.

Vingine: rili moja ya uzi wa rangi ya msingi (ukingo ndio unaoshonwa, kwa hiyo uzi ufanane na msingi, usifanane na dirisha), sindano ya cherehani namba 90, sindano nyembamba ya mkono, kastabani, pini, rula, penseli au chaki ya fundi yenye ncha kali, mkasi wa kitambaa, na pasi. Ukitumia pasi ya mkaa, ifute chini kwa kitambaa chenye unyevu kila unapoirudisha kazini. Doa la masizi kwenye marekani ni gumu kulitoa, na hapa kila mraba unapigwa pasi mara kadhaa.

Kabla ya kukata

Fua vitambaa vyote na uvianike. Marekani huruka, na ikiruka baada ya kushonwa mto mzima utajikunyata. Kanga na kitenge vipya vifue peke yao mpaka maji yatoke safi. Kisha lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe na ukipige pasi: rangi ikihamia kwenye kile cheupe, itahamia pia kwenye msingi.

Marekani itie wanga mwepesi. Kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo, kilichokorogwa na maji baridi kidogo kisha kupikwa katika nusu lita ya maji, kinatosha kwa nguo yote. Usizidishe. Kitambaa kigumu kama karatasi hukatika vizuri sana, lakini baadaye ukingo unavunjika badala ya kupinda.

Sasa tafuta uzi ulionyooka. Tia mkasi kidogo ukingoni, kisha uchane kwa mikono kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kitambaa kitapasuka kwa kufuata mshindio, yaani nyuzi za upana, na hapo ndipo penye mstari wa kweli. Upande uliochanwa hujikunja, hivyo unyooshe kwa pasi.

Kukata miraba ya msingi

Kata kadibodi ngumu ya mraba wa sentimita 26. Ipime na mishazari: kona hadi kona ipate sentimita 36.8 pande zote mbili. Mishazari isipolingana, hiyo si mraba hata kama pande zote nne ni 26. Weka kadibodi juu ya kitambaa, upande mmoja ukifuata uzi, chora, ukate tabaka moja au mbili kwa wakati. Ukikata tabaka nne pamoja, la chini huteleza.

Kwa nini uzi una maana kubwa hapa? Ukikunja kona mara mbili, zile kingo zitakazopindwa juu ya dirisha zinaangukia kwenye mshazari wa kitambaa, na mshazari ndio unaonyumbuka. Pande za nje za mraba, ambazo zinatakiwa zikae imara, zinaangukia kwenye uzi ulionyooka. Mraba uliokatwa nje ya uzi unageuza mambo: kingo zinakaza na pande za nje zinavutika.

Kushona mraba wa msingi

Nafasi ya mshono ni nusu sentimita, hapa na popote. Kama mguu wa cherehani yako hauna alama hiyo, pima kutoka sindano na ubandike utepe kwenye bamba.

Kunja mraba katikati, upande wa nje ukiwa ndani. Una mstatili wa sentimita 26 kwa 13. Shona pande mbili fupi, ukirudisha mshono mwanzo na mwisho. Upande mrefu ulio wazi ni kama mdomo wa mfuko.

Panua mdomo huo na uvute mishono miwili ikutane katikati, uso kwa uso. Nafasi ya mshono mmoja ilale kulia na ya mwingine kushoto, ili zishikamane bila kupandana. Choma pini hapo. Kisha shona mdomo kutoka kona hadi kona, ukiacha sentimita 5 wazi za kugeuzia. Uwazi huo usiwe juu ya makutano: shona sentimita 2 kupita katikati, ruka 5, endelea hadi mwisho. Ukiuacha katikati, mishono inayokutana hapo itafumuka wakati wa kugeuza.

Kata ncha ya kila kona, ukibakiza milimita 2 kutoka kwenye uzi. Geuza. Kona zisukume nje kwa kijiti chenye ncha butu, mkasi unatoboa. Ukishika kona kati ya kidole gumba na cha shahada na kuikung'uta kidogo, utahisi ikiwa bado kuna kitambaa kilichojikunja ndani: kona iliyotoka yote ni bapa, isiyotoka ina kifundo.

Piga pasi. Sasa una mraba wenye uso mmoja laini, na uso mwingine wenye mishono iliyopita kama msalaba kutoka kona hadi kona. Upime. Kila upande unatakiwa uwe sentimita 17.7. Tofauti ya milimita 2 inavumilika. Ukipata 17.4, nafasi ya mshono wako imezidi: kila milimita moja unayoongeza kwenye mshono inapunguza takriban milimita 1.4 hapa. Rekebisha sasa, kabla hujashona mingine 15. Mraba mmoja mdogo uweke pembeni utumie kufanyia majaribio.

Uwazi wa kugeuzia huna haja ya kuushona, kwa sababu mkunjo unaofuata unaufunika. Ulaze tu vizuri kwa pasi.

Weka mraba uso wenye msalaba ukiwa juu. Lete kila kona hadi katikati kabisa, pale mishono inapokutana, na upige pasi mkunjo uwe mkali. Usipime mkunjo kwa rula. Macho na makutano ya mishono ni sahihi zaidi, kwa sababu tofauti ndogo za mraba zinajigawa zenyewe pande zote. Ncha nne zikigusana bila kupandana, una mraba wa sentimita 12.5 wenye masikio manne, yaani zile kona zilizokunjwa, juu yake. Bonyeza pasi moja kwa moja chini na uinyanyue. Ukiiburuta juu ya masikio, kingo za mshazari zitavutika na mawimbi hayo hayatoki.

Fanya hivyo kwa miraba yote 16, kisha uipange kwa kupandanisha. Hapo ndipo mkubwa na mdogo watajitokeza. Mikubwa kidogo ikae pamoja mstari mmoja.

Kuunga

Chukua miraba miwili na ufunue sikio moja katika kila mmoja. Iweke migongo ikigusana, yaani nyuso laini zitazamane, na alama za mkunjo zipandane. Masikio mawili yaliyofunuliwa yatakuwa yameshikana nje ya mstari kama pembetatu. Choma pini mwanzo, kati na mwisho. Shona juu ya alama ya mkunjo yenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, ukirudisha mshono pande zote mbili. Fungua: masikio yanakuja mbele, kila moja linarudi katikati ya mraba wake, na mgongo unabaki bapa. Ukiona masikio yametokea nyuma, uliunga nyuso zisizo zake, fumua.

Kosa linalotokea sana hapa ni kuanza kushona milimita chache ndani. Kona nne zikikutana, tundu la kupitisha kijiti cha kiberiti linabaki. Kuliziba kwa mkono kunawezekana, lakini ni afadhali mshono uanzie pembeni kabisa.

Shona mistari minne ya miraba minne minne, kisha uunge mistari. Kwenye makutano, sindano inapita tabaka nyingi: punguza mwendo, zungusha gurudumu kwa mkono, na refusha mshono hadi milimita 3. Cherehani ikiruka mishono hapo, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwisho wa hatua hii, funga ncha za masikio katikati ya kila mraba. Kwa uzi maradufu, shona ncha mbili zinazotazamana, kisha mbili nyingine, mara mbili kila jozi, sindano ikishika tabaka za chini pia. Fundo lizame chini ya sikio.

Kupanga na kukata madirisha

Nafasi ya dirisha ni mraba uliosimama kwa pembe, na kiungo cha miraba miwili kinapita katikati yake. Kila upande wake una sentimita 8.8. Kiraka kinakatwa sentimita 8 kwa 8, ili ukingo upate mahali pa kukifunika.

Viungo viko 24: vya wima 12, vya mlalo 12. Pembeni mwa mto zinabaki nusu dirisha 16, nne kila upande. Mkeka usikatike ghafla, zijaze nazo: za kushoto na kulia zinachukua rangi ya viungo vya wima, za juu na chini rangi ya mlalo. Ndiyo maana viraka ni 20 kwa kila rangi. Panga vyote juu ya mto, rudi nyuma, uangalie, ndipo uchome pini.

Ukitumia kanga, tazama unakata wapi. Maua madogo ya pindo hutosha ndani ya dirisha bila kukatwakatwa, kuliko yale makubwa ya mji, sehemu ya katikati. Jina, yaani maandishi ya kanga, likiingia dirishani hubaki herufi mbili tatu zisizo na maana, kwa hiyo ni bora libaki zima kwenye kipande cha kanga kwa kazi nyingine. Ili uchague vizuri, toboa kadibodi tundu la mraba wa sentimita 6.5 na uitembeze juu ya kitambaa ikiwa imesimama kwa pembe, kwa kuwa kinachoonekana mwishoni ni kiasi hicho. Ua lenye juu na chini linalazimika kukatwa kwa mshazari ili lisimame wima. Kiraka cha namna hiyo kinavutika, basi kishike kwa upole na ukichome pini nne.

Kushona madirisha

Anza na dirisha la katikati ya mto, uende nje. Laza kiraka juu ya kiungo, pembe mbili zikifuata mstari wa kiungo na mbili zikielekea kwenye vitovu vya miraba. Kila upande ubaki na nafasi ya milimita 4 hadi ukingo wa sikio.

Chukua ukingo mmoja katikati ya urefu wake, uukunje juu ya kiraka kama sentimita 1, na ubonyeze kwa kidole gumba. Utaona ukienda mwisho zote mbili, mkunjo unapungua wenyewe hadi kuisha. Uache upungue. Ukilazimisha upana uwe mmoja, hupati upinde, unapata fremu iliyonyooka yenye kona zilizovimba. Kingo zote nne zikikaa vizuri, zipige bandi (mishono ya muda) au uzichome pini.

Kwa mkono: uzi mmoja wa sentimita 45. Ingiza sindano ndani ya mkunjo, itokee kwenye ncha ya ukingo, ishike kiraka na tabaka la chini yake, irudi ndani ya mkunjo milimita 3 mbele. Mshono usionekane juu, na sindano isitokee mgongoni. Ukibakiza milimita 5 kufika pembeni, unganisha kingo mbili zinazokutana kwa mishono miwili iliyokazwa, kisha geuka uendelee na ukingo unaofuata. Mishono hiyo ndiyo inayofanya pembe ya dirisha iwe kali.

Kwa cherehani: shona milimita 2 kutoka ncha ya ukingo, mshono wa milimita 2.5. Si lazima umalize dirisha moja moja. Fuata mshazari kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine ukishona kingo za kulia, kisha rudi ukishona za kushoto. Ni haraka na ni imara, ila mishono itaonekana mgongoni. Kwa mto si tatizo, mgongo umefichwa. Kwa shuka la kitandani tungeshona kwa mkono, ingawa ni kazi ndefu.

Nusu madirisha: kunja kiraka cha sentimita 8 kwa mshazari kiwe pembetatu, laza upande mrefu sambamba na ukingo wa mto, ushone kingo mbili za masikio kama kawaida. Upande mrefu ushikilie kwa mishono midogo.

Yanayosumbua na chanzo chake

Kiraka kinachungulia pembeni: punguza kila pembe yake milimita 2, kwani pembeni ndipo ukingo unapokuwa mwembamba. Kikichungulia katikati ya upande, hukukunja ukingo vya kutosha, au kiraka ni kikubwa.

Kiraka kinatuna katikati: kimeshikwa kikiwa kimelegea, au kimezidi 8. Kipunguze milimita 2 pande mbili.

Ukingo una vikunyanzi badala ya upinde: wanga umezidi, au kitambaa kina polista. Wanga unatibika, nyunyizia maji kidogo na usubiri dakika chache. Polista haitibiki.

Mto wote haulali bapa, katikati unainuka: miraba ya pembeni ni midogo kuliko ya kati. Hili halirekebishwi na pasi. Fumua mstari wa pembeni na utafute mraba mkosaji.

Kumalizia foronya

Kata vipande viwili vya marekani, sentimita 53 kwa 36. Kila kimoja kipige pindo la sentimita 3.5 kwenye upande mmoja mrefu, na pande tatu zilizobaki zikunje ndani sentimita 1.5. Vipandanishe kwa sentimita 12 mpaka viwe 50 kwa 50, mapindo mapana yakiwa katikati, halafu uvilaze mgongoni mwa kazi yako, ndani kwa ndani. Shona kuzunguka milimita 3 kutoka ukingoni, au kwa mkono kwa mishono ya karibu. Kwenye lile pishano rudisha mshono mara tatu, maana hapo ndipo mto huingizwa kwa nguvu.

Ukipenda kuendelea hadi shuka la sentimita 150 kwa 200, utahitaji miraba 192, madirisha kamili 356, na mita zisizopungua 10.5 za marekani ya upana wa 150, bila kuhesabu ya kuruka. Litakuwa na uzito unaozidi kilo 2 kwa sababu kila mahali pana tabaka nne. Hilo ungeni kwa vipande vya miraba 16, kila kimoja kikiwa na madirisha yake tayari, kisha mviunganishe na kushona madirisha ya mipakani mwisho; kugeuza shuka zima chini ya mkono wa cherehani kwa kila dirisha hakuwezekani.

Fua kwa mkono katika maji ya vuguvugu, kamua bila kusokota, na uanike likiwa limelazwa. Pasi pitisha upande wa mgongo tu, upinde usilale.